Mcheza kwao hutunzwa? Mrisho Ngassa, Pamba ya Mwanza na hesabu tusiyoifanya

Muhula uliopita, katika semina yangu ya historia ya uchumi wa Kanda ya Ziwa, niliwapa wanafunzi kazi ndogo. Kila mmoja achague mtu mmoja aliyezaliwa mkoani Mwanza baada ya mwaka 1985, kisha aeleze historia ya nchi yetu kupitia maisha ya mtu huyo. Nilitarajia wanasiasa, wasanii na wafanyabiashara, na kweli walikuja wengi wa namna hiyo. Lakini mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akasimama na kusema kwamba yeye amemchagua Mrisho Khalfan Ngassa, mwanasoka.

Darasa likacheka. Mwenzake mmoja akatoa hukumu papo hapo: "Huyo si historia ya nchi, huyo ni historia ya mtu aliyechezea bahati." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Nakiri kwamba nami nilitabasamu. Nakiri pia jambo zito zaidi: mwaka 2013, wakati sakata la usajili wake likiwa midomoni mwa kila mtu, nilikuwa kijiweni nikisema maneno yale yale, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Makala hii ni jaribio la kujisahihisha. Sitamtetea Ngassa kwa kila alilofanya, na wala yeye hanihitaji kuwa wakili wake. Ninachotaka ni kuuliza swali ambalo mwanahistoria hana budi kuuliza kila anaposikia kwamba mtu fulani "alichezea bahati": bahati hiyo ilitoka wapi, ilikuwa na ukubwa gani, na nani mwingine alikuwa akiichezea?

Baba, mwana na mazao ya shambani

Mrisho Ngassa alizaliwa Mwanza mwaka 1989. Kwa wapenzi wa soka wa mji huu, mwaka huo na ule uliofuata si miaka ya kawaida. Ndiyo miaka ambayo Pamba, timu tuliyoiita TP Lindanda au Wana Kawekamo, ilikuwa kileleni. Mwaka 1990 ilishiriki Kombe la Washindi barani Afrika na kuikung'uta Anse-aux-Pins ya Ushelisheli kwa jumla ya mabao 17 kwa 1, mabao 12 kati ya hayo yakiingia katika mchezo mmoja. Katika kizazi kile cha Pamba walikuwamo George Masatu, Hussein Masha, Fumo Felician, Nteze John, na kiungo aliyeitwa Khalfan Ngassa. Huyo ndiye baba yake Mrisho.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo. Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika wilayani Magu, na kila alipokuja mjini siku ya mechi alinishika mkono tukapanda hadi uwanja wa Kirumba. Njiani alikuwa akiniambia kwa fahari kwamba timu ile ni "yetu sisi wa pamba." Kwa akili za kitoto nilidhani anazungumzia ushabiki. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akizungumzia umiliki.

Pamba haikuitwa Pamba kwa mapenzi ya jina. Ilikuwa timu iliyolelewa na taasisi ya umma iliyosimamia zao la pamba, na zao hilo ndilo lililokuwa damu ya uchumi wa Usukuma nzima. Historia yake inarudi nyuma hadi kwenye vuguvugu la wakulima la miaka ya 1950, pale wakulima wa kanda hii, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walipounda vyama vyao ili kukwepa mizani ya uongo ya wanunuzi binafsi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilizaa Nyanza. Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha katika miaka ya 1980, lakini katika vipindi vyote hivyo jambo moja halikubadilika: sehemu ya thamani ya pamba ilibaki kwenye kanda kama shule, zahanati, barabara za vumbi, ajira za viwanda vya kuchambua pamba, na ndiyo, timu ya mpira.

Mchezaji wa Pamba ya wakati ule hakuwa tajiri. Lakini alikuwa na kitu ambacho wachezaji wengi wa baadaye hawakukipata: alikuwa ndani ya taasisi. Utaratibu huo haukuwa wa Mwanza peke yake. Morogoro kulikuwa na Reli, Moshi kulikuwa na Ushirika, na majeshi yetu yalikuwa na timu zake. Mchezaji wa timu za namna hiyo aghalabu aliandikwa kazini, akajua kwamba goti likivunjika ipo ofisi ya kumpokea. Tunaweza kuukosoa mfumo huo kwa uzembe wake, kwa urasimu wake na kwa kumfunga mchezaji kwa mwajiri. Ukosoaji huo ni halali. Hata hivyo, hatuwezi kusema haukuwapo.

Kisha ukaondoka. Makubaliano ya serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yalifungua mlango wa mageuzi, na katika msimu wa 1994/95 biashara ya pamba ikaachiliwa huria. Wanunuzi binafsi wakarudi na mizani yao. Taasisi ya umma ikabaki msimamizi badala ya mnunuzi, na msimamizi hana fungu la kulisha timu. Ushirika ukaingia kwenye madeni. Mjomba wangu akarudi kijijini kulima. Wachezaji wengi wa kizazi kile cha dhahabu walikuwa wamekwisha kwenda Dar es Salaam. Masatu na Masha, mathalani, wakaonekana wakiwa na Simba. Pamba yenyewe iliendelea kujikongoja kwa miaka kadhaa, hatimaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikashuka daraja. Ilikaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20.

Hapo ndipo alipokuwa Mrisho Ngassa, kijana anayekaribia kubalehe mwenye kasi ya ajabu miguuni, mtoto wa kiungo wa Pamba, katika mji ambao Pamba ilikuwa imekufa. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya hoja yangu. Urithi aliopewa na baba yake ulikuwa kipaji. Taasisi iliyomlea baba yake haikurithishwa kwake.

Kuhama kwa malighafi

Alipitia Toto Africans, klabu ya Mwanza ambayo hata jina lake linaitambua Young Africans ya Dar es Salaam kuwa mzazi. Kisha akavuka hadi upande wa magharibi wa ziwa, Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoumizwa na vita vya 1978 na 1979, kikasuasua kwa miaka mingi, kisha kikabinafsishwa. Angalia mtiririko huo kwa makini. Zao la pamba lilipoacha kulisha soka upande wetu, kijana wa Mwanza alilazimika kufuata zao jingine upande wa pili. Na sukari nayo haikuweza kumshikilia muda mrefu. Yanga wakamchukua akiwa bado hajafikisha miaka 20.

Si kosa kuchukuliwa na Yanga. Kwa kijana yeyote wa wakati ule, na hata wa sasa, kuitwa Jangwani au Msimbazi ni sawa na kuitwa ikulu. Ninachotaka tukione ni umbo la safari yenyewe. Kwa miaka mia moja, pamba yetu imesafirishwa ikiwa marobota, haijawa shati. Thamani kubwa ikaongezwa mahali pengine. Kipaji cha soka cha Kanda ya Ziwa kimesafiri kwa njia hiyo hiyo. Kinaondoka kibichi, kikiwa na miaka 17 au 18, na fedha, mikataba, umaarufu na maamuzi vyote vinafanyika Dar es Salaam. Kikichoka kinarudi, kama kitarudi.

Miaka ya kupanda

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda, na ni vyema kuikumbuka kwa ukamilifu, maana tabia yetu ni kukumbuka anguko na kusahau kimo. Chini ya kocha Mbrazili Márcio Máximo, Ngassa akawa mmoja wa nguzo za Taifa Stars. Timu ile iliziondoa Kenya, Uganda na Sudan na kufuzu fainali za kwanza za CHAN, zilizofanyika Ivory Coast mwezi Februari 2009. Tanzania haikuwa imeonekana katika fainali yoyote ya bara tangu Lagos mwaka 1980, yaani tangu kabla Ngassa hajazaliwa. Tulifungwa na Senegal, tukatoka sare na Zambia, na katikati ya michezo hiyo tukawafunga wenyeji bao 1 kwa 0 mjini Abidjan. Mfungaji alikuwa kijana wa Mwanza mwenye umri wa miaka 19.

Miezi michache baadaye alikuwa London, akifanya majaribio na West Ham United. Hakuchukuliwa. Kijiweni tulisema alishindwa kwa sababu ni mwembamba. Huenda ni kweli kwamba mwili wake ulihitaji kujengwa. Lakini wachache kati yetu tulijua, au tulitaka kujua, kwamba kanuni za vibali vya kazi za Uingereza za wakati ule zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe anatoka katika nchi iliyomo kwenye 70 bora za FIFA, na awe amecheza sehemu kubwa ya mechi za ushindani za nchi yake. Tanzania haikuwamo katika 70 bora. Kwa hiyo hata kama kijana yule angewapiga chenga mabeki wote wa West Ham wiki nzima, bado alikuwa amesimama mbele ya mlango ambao ufunguo wake haukuwa mfukoni mwake. Ufunguo huo ulikuwa katika miaka 30 ya uendeshaji wa soka letu.

Mwaka 2010 Azam, klabu iliyokuwa imepanda ligi kuu miaka miwili tu nyuma ikiwa na mtaji wa kampuni kubwa ya Bakhresa, ilimnunua kutoka Yanga kwa kiasi kilichotajwa kuwa shilingi milioni 58, rekodi kwa nchi yetu wakati ule. Msimu wake wa kwanza aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Julai 2011 akawa Marekani, akifanya majaribio na Seattle Sounders, na aliingizwa uwanjani katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Manchester United ambao Sounders walilala mabao 7 kwa 0. Akarudi nyumbani tena.

Majaribio mawili ndani ya miaka miwili, akiwa na umri wa miaka 20 na 22. Linganisha na njia ya Mbwana Samatta. Samatta hakwenda Ulaya moja kwa moja. Mwaka 2011, akiwa na miaka 18, alikwenda Lubumbashi, katika TP Mazembe yenye fedha, uwanja wake, madaktari wake na mazoea ya kushinda mataji ya Afrika. Alikaa huko hadi alipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2015, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji, na Aston Villa ikafuata mwaka 2020. Watu husema Samatta alikuwa na nidhamu kuliko Ngassa. Huenda. Lakini nidhamu ya Samatta ilipata ngazi ya kupandia. Ngassa aliombwa aruke kutoka ardhini hadi ghorofa ya tano, mara mbili, na aliposhindwa tukasema miguu yake ni mizembe.

Jezi, sahihi na milioni 45

Sasa nifike kwenye sura ambayo wanafunzi wangu walikuwa wakiifikiria walipocheka.

Mwaka 2012, akiwa bado mchezaji wa Azam, Ngassa alionekana hadharani akiibusu jezi ya Yanga. Kwa mwajiri wake lilikuwa tusi. Azam ikampeleka Simba kwa mkopo, yaani kwa mahasimu wa klabu ambayo moyo wake ulikuwa umeitaja mbele ya watu wote. Baadaye mwaka huo ukaja mpango wa kumuuza El Merreikh ya Sudan, akaukataa. Katikati ya vurugu hizo alifunga mabao 5 dhidi ya Somalia katika mashindano ya Chalenji mjini Kampala, kana kwamba uwanjani ndipo palikuwa mahali pekee ambapo mambo yalikuwa bado rahisi.

Mwaka 2013 akasaini Yanga. Simba wakasema ni mchezaji wao. Shirikisho la soka, TFF, liliridhika kwamba alikuwa amesaini mkataba na Simba na kupokea shilingi milioni 30. Akafungiwa mechi 6 na kutakiwa kurejesha fedha hizo pamoja na fidia, jumla milioni 45.

Sitaficha maoni yangu. Kusaini mara mbili ni kosa, na mtu mzima huwajibika kwa sahihi yake. Hukumu ya TFF ilikuwa na msingi. Lakini hebu tuifanye hesabu tusiyoifanya. Fedha za uhamisho, kwa kawaida, klabu hulipana zenyewe. Mchezaji hupata sehemu yake ya kusaini na mshahara. Kwa hiyo zile milioni 58 za mwaka 2010, zilizoandikwa magazetini kana kwamba ni utajiri wa Ngassa, zilikuwa kwanza kabisa ni biashara kati ya klabu mbili. Zile milioni 45 za mwaka 2013, kwa upande mwingine, zilikuwa deni la mtu mmoja. Thamani ilipopanda, ilikuwa ya klabu. Hasara ilipotokea, ikawa yake. Deni hilo lilimwandama, na mapema mwaka 2015, akiwa katika miezi yake ya mwisho Yanga, alilalamika hadharani jinsi lilivyokuwa likimtesa.

Kuna jambo jingine. Nikirejea kumbukumbu za mijadala yetu ya 2012, tulibishana kama Azam wamewakomoa Yanga, kama Simba wamelamba dume, kama Yanga watalipiza. Sikumbuki hata siku moja tukiuliza kama mfanyakazi anaweza kuhamishwa kwa mwajiri mwingine kwa ajili ya kuadhibiwa, na ridhaa yake inapimwaje. Kijiweni pale walikuwapo walimu, maofisa wa halmashauri, hata mwanasheria mmoja. Sote ni watu ambao tungepiga kelele kama tungehamishwa kituo cha kazi kwa barua ya siku moja. Nchi hii ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tangu mwaka 2004. Wachezaji wana chama chao, SPUTANZA. Lakini vichwani mwetu mwanasoka hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mali yenye mapenzi, na kosa lake kubwa lilikuwa kuyaonyesha mapenzi hayo.

Kilele kilichosahaulika

Baada ya kutumikia adhabu, alifanya jambo ambalo darasa langu zima halikulijua. Mwanzoni mwa mwaka 2014, Yanga ilikutana na Komorozine ya Komoro katika Ligi ya Mabingwa Afrika na kuifunga mabao 7 kwa 0 Dar es Salaam, kisha 5 kwa 2 ugenini. Ngassa alifunga mabao matatu katika kila mchezo. Raundi iliyofuata Yanga iliwafunga mabingwa watetezi, Al Ahly ya Misri, bao 1 kwa 0 nyumbani, ikafungwa idadi hiyo hiyo ugenini, na kutolewa kwa mikwaju ya penalti. Mashindano yalipofika mwisho mwezi Novemba, mabao yale 6 yalikuwa bado hayajapitwa na mtu. Ngassa alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika, sambamba na washambuliaji ambao timu zao zilicheza miezi mingi zaidi yake.

Mtu anaweza kusema Komorozine walikuwa dhaifu. Sawa. Lakini kila mwaka timu dhaifu hukutana na washambuliaji wengi, na si kila mwaka Mtanzania anamaliza kileleni mwa orodha hiyo.

Mwaka 2015 aliichezea Yanga iliyotwaa ubingwa, kisha akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini. Hakudumu. Akaenda Fanja ya Oman, hakudumu. Akarudi: Mbeya City, kisha Ndanda ya Mtwara, kisha mwaka 2018 Yanga tena, iliyokuwa katika dhiki ya fedha, hadi mwaka 2020 walipoachana. Kumbukumbu za timu ya taifa zinampa mechi 100 na mabao 25. Tazama ramani ya maisha hayo: Mwanza, Kagera, Dar es Salaam, London, Seattle, Bethlehem, Fanja, Mbeya, Mtwara. Katika miaka yake bora, hakuwahi kuwa na timu ya ligi kuu mjini kwao yenye uwezo wa kumlipa, kumlea au kumpokea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo inadhani kwamba mchezaji ana kwao, na kwamba kwao kuna uwanja wa kuchezea na watu wenye cha kumtunza. Khalfan alivipata hivyo kwa kiasi fulani. Mwanawe alivikosa vyote viwili, kisha tukamhukumu kwa methali ile ile.

Kwa nini hili ni jambo la leo

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yana faida gani kwa mtumishi wa umma au mwanaharakati mwenye mambo mazito zaidi ya mpira? Nina majibu matatu.

Kwanza, Pamba imerudi. Ilipanda ligi kuu kwa msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji, ikiwa chini ya mwavuli wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Nimefurahi kama wengine. Lakini mwanahistoria lazima aulize: ikiwa timu ya kwanza iliegemea zao moja na ikaanguka pamoja nalo, hii ya pili inaegemea nini? Bajeti ya halmashauri hubadilika na baraza la madiwani. Jirani zetu wa Geita walikuwa na timu ya halmashauri iliyofadhiliwa na mgodi wa dhahabu. Msimu wa 2021/22 ilimtoa mfungaji bora wa ligi, George Mpole, na miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Gwambina ya Misungwi ilipanda na kushuka ndani ya msimu mmoja. Pamba, sukari, dhahabu: kila mara tunajenga juu ya kile kinachochimbwa au kuvunwa, na hatujengi juu ya wanachama, uwanja na akademia inayomilikiwa na wenyeji.

Pili, kanuni za FIFA zinatambua kwamba kipaji kina walezi. Klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23 zina haki ya mgawo anapouzwa kimataifa. Mgawo huo hudaiwa kwa nyaraka, wala hautolewi kwa huruma. Ni klabu ngapi za Mwanza, Musoma au Bukoba zenye daftari linaloonyesha nani alicheza hapo, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani? Hii ni kazi ya ofisa michezo wa wilaya na haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji kabati na mtu wa kulifungua.

Tatu, mkataba. Kijana wa miaka 18 anayetoka Igoma au Mabatini kwenda kusaini Dar es Salaam anahitaji mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, mtu wa kumsomea ambaye halipwi na klabu, na jina lake kuandikwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wanaharakati wa haki za wafanyakazi wamefanya kazi nzuri kwa wachimbaji wadogo na watumishi wa majumbani. Wanasoka nao ni wafanyakazi, na muda wao kazini ni mfupi kuliko wa wengi.

Sidai kwamba mambo hayo matatu yangempeleka Ngassa West Ham. Ninadai kwamba yangelifanya kosa la mwaka 2013 kuwa gumu kutendeka, na kama lingetendeka, kuwa rahisi kusameheka.

Mwanafunzi wangu aliwasilisha insha yake wiki tatu baadaye. Alikuwa ameibadili kidogo: badala ya mtu mmoja aliandika juu ya wawili, Khalfan na Mrisho, na katikati yao akaweka mwaka 1994. Nilimpa alama ya juu kabisa darasani, na safari hii hakuna aliyecheka alipoisoma.

Siku chache baadaye nilikwenda Kirumba kuitazama Pamba Jiji. Mjomba hayupo tena duniani, kwa hiyo nilikwenda na mwanawe. Mbele yetu aliketi mtoto wa miaka kama kumi, akishangilia kila Pamba walipogusa mpira, sauti ikimkauka. Alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Binamu yangu akamuuliza kwa utani anashangilia timu ipi hasa. Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi, akajibu, "Hii ni ya nyumbani. Ile ndiyo nitakayochezea."